Namba za mabapa ya spinabeti: maana yake na jinsi ya kuzichagua

Mtu akiamua kujitengenezea spinabeti, vifaa vingi havimpi shida. Waya atapewa, ndoana atachagua, sketi ya mpira ataipenda kwa rangi. Pa kukwamia ni kwenye vipakiti vya mabapa. Kimoja kimeandikwa Colorado 3, kingine Wilo 4½, na basi. Hakuna la zaidi.

Kwa asiyeifahamu, spinabeti ni chambo bandia kilichokulia Marekani, kikalenga zaidi samaki aitwaye besi, yule mwenye mdomo mpana anayevizia kwenye magugu maji na magogo yaliyozama. Ni waya wa chuma uliokunjwa mfano wa pini ya nepi iliyoachwa wazi. Mkono wa chini una kichwa cha madini ya risasi kilichoshikana na ndoana, na sketi, yaani kifungu cha nyuzi za mpira, ya kuifunika. Mkono wa juu umebeba bapa moja au mawili ya chuma chembamba yanayozunguka chambo kinapovutwa. Mshipi hufungwa pale waya unapopinda. Besi huyohuyo yumo Ziwa Naivasha nchini Kenya, alikoletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa hiyo habari hii si ya wavuvi wa Alabama na Florida peke yao.

Sasa namba. Namba ya bapa ni daraja la ukubwa: 2 ni kubwa kuliko 1, 3 kuliko 2, na katikati kuna nusunusu. Haihesabu gramu wala milimita. Wengi hukosea kwa kudhani kwamba namba 4 ni namba 4 popote. Anayevaa kiatu namba 40 haendi dukani kudai shati namba 40 akidhani vitakwenda sawa. Ni hivyohivyo hapa. Colorado na wilo ni majina ya maumbo ya mabapa: Colorado namba 4 hupita inchi moja kidogo tu kwa urefu, ilhali wilo namba 4 hukaribia inchi mbili. Namba hulinganisha mabapa ya umbo moja. Na hata ya umbo moja, kiwanda hiki na kile hupishana kidogo, kwa hiyo ukinunua sehemu mbili tofauti weka rula mezani.

Maumbo yanayotumika sana ni matatu. Colorado ni la mviringo, kama kichwa cha kijiko kilichokatwa mpini. Wilo ni refu na jembamba lenye ncha. Jina ni la mti wa kwao, lakini ukitazama jani la mkaratusi umeshapata picha. Indiana limekaa katikati, kama mbegu ya boga. Colorado huzunguka likiwa limejitanua mbali na waya, likasukuma maji mengi na kutoa mtikisiko unaousikia hadi kwenye fimbo. Wilo huzunguka likiwa limebana karibu na waya, kwa kasi, na kazi yake kubwa ni kumeremeta. Ndiyo maana hatuwezi kusema ukubwa bila kutaja umbo: kupanda namba moja kwenye Colorado kunaongeza ukinzani wa maji kuliko kupanda namba moja kwenye wilo.

Ukubwa wa bapa hubadilisha mambo kadhaa kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo penye ugumu. Bapa kubwa hutikisa zaidi. Humeremeta eneo kubwa zaidi, kwa hiyo samaki huona kama kidagaa kikubwa zaidi. Pia hukinyanyua chambo: likizunguka linakula maji kama pangaboi, na chambo kinapanda juu hata kama hutaki. Anayetaka kupitisha chambo chake polepole karibu na tope la chini, kisha akafunga bapa kubwa kwenye kichwa chepesi, atashangaa kukiona kinaelea juu kila akizungusha rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi.

Jambo la mwisho ndilo linaloharibu kazi ya wanaoanza: bapa linapozunguka upande mmoja, linajaribu kukizungusha chambo kizima. Kinachokizuia ni uzito wa kichwa kilichoning'inia chini. Kichwa kikizidiwa, chambo kinalala ubavu. Spinabeti yangu ya kwanza niliipa Colorado namba 5 kwenye kichwa cha gramu 7 kwa tamaa tu, nikitaka samaki aisikie kutoka ng'ambo. Ilikuja majini imelala ubavu kama samaki aliyekufa, na ndoana imegeukia pembeni inazoa kila jani.

Kwa hiyo anza na kichwa, halafu ndiyo uje kwenye bapa. Kichwa cha robo aunsi, yaani gramu 7 hivi, kinachukua vizuri Colorado 3 likiwa peke yake, au Colorado 2 mbele na wilo 3 au 3½ nyuma. Cha gramu 10 na ushei, ambacho ni theluthi na kidogo ya aunsi na ndicho cha kawaida kabisa, hubeba Colorado 3 mbele na wilo 4 nyuma bila manung'uniko. Ukifika nusu aunsi, gramu 14, nyuma unaweza kuweka wilo 4½ au 5. Hivi ni vianzio. Waya nao uendane na mzigo: wa unene wa inchi 0.035, kama milimita 0.9, unafaa vichwa hivyo vya katikati. Mwembamba zaidi hutikisika vizuri lakini samaki mkubwa huupinda, na mnene huua mtikisiko wa bapa dogo.

Mabapa yanapokuwa mawili, la mbele kwa kawaida ni dogo. Linakaa katikati ya waya kwenye kishikizo chenye umbo la U, na shanga chache nyuma yake ili liteleze bila kukwama. Hesabu shanga kwa makini: mkia wa bapa la mbele usifike kulipiga la nyuma, maana yakigongana yote mawili hukatakata mzunguko. La nyuma linashikwa na kiungio kinachozunguka, na hapa usibane pesa. Chenye gololi ndani hugeuka hata ukivuta taratibu, cha bei rahisi hugoma. Ncha ya bapa hilo ikae usawa wa mpindo wa ndoana, si kuipita. Likiwa refu kupita hapo, samaki analiuma bapa na kuiacha ndoana, nawe unabaki kusimulia.

Baada ya hapo ni maji yenyewe. Maji maangavu yenye samaki wengi wadogo yanataka wilo, na urefu wake ukaribiane na ule wa vidagaa wanaoliwa mahali hapo. Rangi ya fedha kwa kawaida inatosha. Maji yakiwa na rangi ya chai kidogo, dhahabu huonekana vizuri zaidi. Yakichafuka kama ya mto baada ya mvua, macho ya samaki hayana msaada mkubwa, basi mpe mtikisiko: Colorado 4 au 5 kwenye kichwa kizito cha kuliweza. Maji baridi nayo yanataka Colorado, kwa kuwa huzunguka hata kwa mwendo wa kobe. Wavuaji wa usiku huenda hadi Colorado 6 au 7, moja tu, kwenye mkono mfupi wa waya. Kwa kina kirefu mimi hupunguza bapa namba moja kabla ya kuongeza risasi. Wenzangu wengine hufanya kinyume, na wanapata samaki vilevile.

Kabla ya kulilaumu bapa, tazama waya kutoka juu. Mkono wa juu na ndoana vinapaswa kuwa kwenye mstari mmoja. Ukipinda kidogo tu pembeni, chambo kitalala hata kikiwa na bapa la saizi sahihi. Ukishaunyoosha, kivute karibu na ukingo, polepole kisha kwa kasi. Kikisimama wima kwa mwendo wa polepole na kuanza kuinama ukikaza, bapa limezidi kwa nusu namba hivi. Kikisimama wima kwa mwendo wowote lakini husikii kitu mkononi, kichwa kinaweza kubeba bapa kubwa zaidi.

Ndiyo maana kwenye kiungio cha nyuma naweka kibanio cha kufungua na kufunga badala ya pete iliyobanwa moja kwa moja. Mfukoni nabeba wilo 3½, 4 na 4½ na Colorado 3 na 4, na kubadilisha bapa kunachukua muda mfupi kuliko kufunga fundo jipya.