Pikseli ni kipande, si nukta

Kijana mmoja, jirani yangu, ana darubini ya kioo chenye upana wa milimita 200. Anga ikiwa safi tunakaa naye uani tukiitazama Mshtarii, ile sayari ambayo wengi tuliisoma shuleni kwa jina la Jupita. Mwezi uliopita alinieleza kwamba anadunduliza fedha za kamera ya megapikseli 24 ili aanze kupiga picha za sayari, kwa sababu muuzaji amemhakikishia kwamba pikseli zikiwa nyingi picha inakuwa safi. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na kila mara namwona mtu akikaribia kumaliza akiba ya mwaka mzima kwa kitu ambacho hakukihitaji.

Pikseli ni kipande kidogo kabisa cha picha: kina kiasi fulani cha mwanga na rangi fulani, na ndani yake huwezi kutofautisha kitu kingine. Megapikseli moja ni vipande milioni moja. Maana ni hiyo tu. Ni hesabu ya vipande, kama mtu akuambie nyumba ina matofali elfu tano bila kukuambia kila tofali lina ukubwa gani.

Neno lenyewe lina historia inayonifurahisha, kwa kuwa lilianza kuandikwa na watu walioshughulika na sayari. Ni mkato wa Kiingereza. “Pix” ni namna magazeti ya Marekani yalivyofupisha neno la picha tangu miaka ya 1930. Nyuma yake ikaungwa silabi ya kwanza ya “element”, yaani kipande cha msingi, elementi ile ile ya somo la kemia. Lilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1965 na Fred Billingsley wa JPL, maabara ya shirika la anga la NASA huko California, akieleza picha zilizotumwa na vyombo vilivyokwenda Mwezini na Mirihi. Hakudai kwamba amelibuni. Alilisikia kwa Keith McFarland, wa kampuni moja ya Palo Alto, naye McFarland alisema alilikuta likitumika tayari.

Wajerumani walikuwa na neno lao la zamani zaidi, “Bildpunkt”, nukta ya picha. Na sisi kwa Kiswahili tumezoea kueleza kwamba pikseli ni “nukta”. Hapo ndipo tunapopotea. Nukta haina upana. Unachoweza kuifanyia ni kuihesabu tu, na ndivyo wanavyofanya wauzaji. Kipande kina upana, kwa hiyo ukikiita kipande utajikuta unauliza: kina upana gani? Mvuvi anauliza jicho la wavu lina inchi ngapi. Hajapata kuuliza wavu una macho mangapi.

Mwezi Julai mwaka huo huo wa 1965, chombo cha Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi kikapiga picha 21 na sehemu ya 22. Kila picha ilikuwa na mistari 200 yenye vipande 200, jumla vipande 40,000, na kuituma moja hadi duniani kulichukua saa nane na zaidi. Wahandisi wa JPL hawakuweza kusubiri picha itengenezwe: walichapa namba za kila kipande kwenye karatasi nyembamba, wakazibandika ukutani, wakapaka kila namba rangi yake kwa mkono. Mirihi ya kwanza waliyoiona ilikuwa ile waliyoipaka wenyewe, kipande kwa kipande. Picha hizo za vipande 40,000 ndizo zilizotuonyesha kwamba Mirihi ina mashimo kama ya Mwezi.

Sasa turudi uani. Digrii moja ya anga ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60. Hizi ni sekunde za pembe, si za saa. Mshtarii ikiwa karibu ina upana wa sekunde 45 hivi. Kioo cha milimita 200 hakiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya sekunde 0.6, uweke kamera yoyote nyuma yake. Kwa hiyo kipande kimoja kikibeba sekunde 0.2, yaani theluthi ya hapo, umepata karibu yote ambayo kioo kinaweza kutoa. Wapigapicha wa sayari wana kanuni yao: gawanya urefu wa fokasi (umbali ambao mwanga husafiri toka kioo hadi ukutane kuwa picha) kwa upana wa kioo, na jibu likaribie mara tano ya upana wa pikseli kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Pikseli ya mikroni 2.9, ambayo ni ya kawaida kwenye kamera ndogo za sayari za megapikseli mbili hivi, inataka urefu wa fokasi wa milimita 2,900. Hapo Mshtarii inakuwa na upana wa milimita 0.63 tu juu ya kihisi, ile sehemu ya kamera inayopokea mwanga, sawa na pikseli 218. Duara zima halifiki pikseli 40,000.

Kamera ya megapikseli 24 aliyoitaka kijana ina pikseli za mikroni 3.9 hivi. Kwa fokasi ile ile, Mshtarii itakuwa na pikseli 162 tu, pungufu ya ile kamera ndogo ya megapikseli mbili. Unaweza kusawazisha kwa lenzi ya Barlow (lenzi ya kurefusha fokasi) iliyo kali zaidi, lakini utarudi kwenye 218 zile zile, na pikseli nyingine milioni 23 na zaidi zitapokea giza.

Kinachobaki ni kasi. Hewa inatetemeka, kwa hiyo tunarekodi maelfu ya fremu, tunachagua zilizotulia na kuzipanga juu ya nyingine. Mshtarii inajizungusha kwa muda usiofika saa kumi, hivyo una dakika mbili au tatu kabla mawingu yake hayajasogea. Kamera inayotoa fremu 100 kwa sekunde itakupa 12,000 kwa dakika mbili. Ya fremu 30 itakupa 3,600. Na sisi wa karibu na ikweta tuna bahati ambayo hatuitumii: kutoka Dar es Salaam au Nairobi, kila sayari ikifika kileleni huwa juu kiasi cha digrii 55 au zaidi, wakati London inaweza kuishia digrii 15, ndani ya hewa nzito.

Yule kijana nilimwomba arudi kwa muuzaji amuulize mambo mawili: kipande kimoja cha kihisi kina mikroni ngapi, na kamera inatoa fremu ngapi kwa sekunde. Na akiambiwa “nukta”, amrekebishe kwa heshima: kipande, mzee wangu.