Makamu, Kaimu na Jenerali Eisenhower

Nimekutana tena na sentensi isemayo kwamba Jenerali Dwight Eisenhower, baada ya Vita Kuu ya Pili, alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York. Msomaji wa Tanzania akiisoma anamwona mtu aliyevaa joho mara moja kwa mwaka, akatunuku shahada, kisha akarudi kwake, kwa maana Mkuu wa Chuo kwetu ni cheo cha heshima. Anayeendesha chuo, akashughulika na bajeti, wahadhiri na mitaala, ni Makamu Mkuu wa Chuo. Ndivyo ilivyokuwa tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1970: Mkuu alikuwa Mwalimu Nyerere, lakini kazi ya kila siku ilikuwa ya Pius Msekwa.

Tatizo limo katika neno makamu, ambalo wengi hulisikia kama «msaidizi», na wengine, jambo linaloniudhi zaidi, hulichanganya na kaimu. Yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kusimama. Kaimu ni yule anayesimama. Makamu, kwa asili, si mtu hata kidogo, bali ni mahali pa kusimama, na aliyehiji Makka anapajua Makamu Ibrahimu. Waturuki wa Dola ya Uthmaniya waliyaunganisha wakapata kaimakamu, yaani asimamaye mahali pa mwingine, wakampa jina hilo naibu wa gavana. Kiswahili kiliyatenganisha: kaimu akabaki mtu wa muda katika kiti kilicho wazi au ambacho mwenyewe hayupo, na jina la mahali likahamia kwa mtu mwenye kiti chake halali, kilicho chini ya kingine kwa itifaki tu, na wakati mwingine kizito kuliko hicho cha juu.

Columbia ya miaka ile inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Nicholas Murray Butler, aliyekiongoza chuo tangu 1902, aling'atuka mwaka 1945, na Frank Fackenthal akakishika kwa muda. Huyo ndiye kaimu. Mwezi Juni 1948 akaja Eisenhower, aliyekuwa ametoka kuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, akiwa kiongozi kamili mwenye mamlaka ya kiutendaji, ingawa maprofesa kadhaa walinung'unika kwamba askari huyu hakuwa msomi. Mwishoni mwa 1950 Rais Truman alimwita akaongoze majeshi ya NATO Ulaya. Hakujiuzulu, alichukua likizo, na Grayson Kirk, ambaye tayari alikuwa makamu mwenye cheo chake, akakaimu. Makamu anaweza kukaimu, lakini si kukaimu kulikomfanya Kirk awe makamu. Eisenhower aliachia chuo Januari 1953, siku chache kabla ya kuapishwa kuwa Rais wa Marekani, na Kirk akathibitishwa.

Kwa hiyo anayetaka kumweleza msomaji wetu kazi aliyoifanya jenerali huyo amwite rais wa chuo, kama Wamarekani wenyewe wanavyomwita, kisha aongeze kwamba kwa mizani ya Dar es Salaam alikuwa karibu zaidi na Msekwa kuliko na Mwalimu.