Pima mwili wa nyoka, achana na kichwa

Kama kuna kitu nimechoka kusikia ni hii, "Daktari siwezi kumpa nyoka wangu fazi (mtoto wa panya aliyeanza kuota manyoya), kichwa chake bado kidogo." Naisikia kutoka Rongai, naisikia kutoka Kasarani, na karibu kila mara nikiletewa nyoka mwenyewe ni konsneki mchanga (nyoka wa kufugwa asiye na sumu) ambaye miezi yote amekuwa akila pinki mmoja kwa wiki, yaani kitoto cha panya kisicho na manyoya bado, uti wa mgongo umetokeza, ngozi imelegea mbavuni. Mfugaji anadhani anamlinda kumbe anamlaza njaa.

Dhana: panya asizidi kichwa cha nyoka.

Ukweli: kichwa si kipimo. Taya la chini la nyoka ni vipande viwili, kushoto na kulia, na pale kidevuni mifupa haijaungana, imeshikwa na kano inayovutika, kwa hivyo anasogeza upande mmoja, halafu ule mwingine, mpaka mdomo umemfunika panya wote. Na taya halichomoki, hiyo nayo tuache kuambiana. Mtazame vizuri akimeza, magamba ya shingo yanaachana kabisa unaona ngozi iliyo katikati yake.

Unapima mwilini, pale katikati alipo mnene zaidi. Panya awe na unene huohuo au azidi kidogo, asipite mara moja na nusu. Kama macho yanakudanganya nunua mizani ya jikoni ya dijitali, na nawaambia wateja wangu wote wanunue hiyo kabla hata ya kufikiria mapambo ya tanki. Weka kopo tupu la aiskrimu juu yake na kifuniko chake, bonyeza irudi sufuri, mtie nyoka, funika, soma. Kwa mchanga anayekua mlo mmoja uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Kwa hivyo huyo wa gramu 30 anataka panya wa gramu 3 hadi 4 na nusu, sasa pinki wa gramu 2 unampa wa nini? Akishakula unafaa kuona uvimbe kidogo tumboni kwa siku moja au mbili hivi. Kama hauonekani kabisa, muda wa kupandisha saizi ya panya umefika.

Halafu kuna wa "basi nitampa pinki watatu." Kwa wiki mbili tatu za kuvuka kwenda kwa fazi ni sawa, lakini isiwe ndiyo maisha yake, mifupa ya pinki bado laini, kalsiamu ni kidogo, afadhali fazi mmoja. Akikataa fazi mwanzishie pinki aliyemzoea, na akimaliza tu kumeza, kabla hajatulia, msogezee fazi mdogo kwa koleo. Wengi wanachukua hapo hapo.

Dhana: ametapika, basi yule fazi alikuwa mkubwa.

Ukweli: inaweza kuwa, lakini mimi swali langu la kwanza ni joto, na mara nyingi naambiwa hakuna aliyepima. Jamani hii ni Nairobi, tuko juu ya mita 1,700, Julai usiku ni baridi kweli, stima ikipotea saa nne tanki linapoa mpaka asubuhi na panya anaozea tumboni badala ya kusagwa. Upande wa joto uwe digrii 28 hadi 31, na themostati (kifaa cha kudhibiti joto), si kugusa kioo kwa mkono. Kama huna uhakika wa joto usipandishe saizi msimu wa baridi, ngoja. Na umuache bila kumshikashika saa 48 baada ya kula. Akishatapika usimlishe tena kesho yake, mpe maji tu, ngoja siku 10 hadi 14, kisha anza na mdogo zaidi ya yule wa kwanza. Akirudia mlete.

Ati panya mkubwa anamfanya nyoka awe mkali? Hapana. Ati lazima panya awe hai? Hapana, na panya mkubwa aliye hai anaweza kumng'ata nyoka vibaya sana, mpe wa friza aliyeyeyushwa na kupashwa kwa maji ya moto, maikrowevu hapana. Ati akifika miezi sita ndio anapandishwa? Umri hausemi kitu, mizani ndiyo inasema.

Na wale wa haraka, wanaoruka kutoka fazi mpaka panya aliyekomaa ili nyoka akue mbio, mnawajaza mafuta tu. Pitieni hopa kwanza, yaani panya mdogo aliyeanza kurukaruka, na kila mkipandisha saizi ongezeni siku za kungoja pia: pinki siku 5 hadi 7, fazi wiki moja, hopa siku 7 hadi 10, panya aliyekomaa siku 10 hadi 14, hata kama nyoka anazunguka kwenye kioo akionekana ana njaa.