Kuongoza umoja wa mtaa: wanayoamini watu na mambo yalivyo

Mwaka wa nne huu mimi ni katibu wa umoja wa wakazi huku kwetu Dar, na kila tukikaribia kuchagua viongozi kuna maneno yanazunguka mtaani mpaka mtu mzuri anaogopa kujitokeza.

"Nyie si watu wa serikali?"
Hapana jamani. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anapatikana kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, ule wa tarehe 27 Novemba 2024, na lazima adhaminiwe na chama cha siasa. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa, ana mshahara. Halafu kuna balozi wa nyumba kumi, mfumo wake ulianza enzi za TANU miaka ya 60 na leo hii ni kiongozi wa CCM, sio wa serikali, japo wengi bado wanaanzia kwake wakitaka utambulisho. Sisi wa umoja tumechaguliwa na majirani tu, hatuna muhuri na hatuwezi kumlazimisha mtu achangie.

"Viongozi wanakula michango"
Hii ndo inaumiza kuliko zote. Hatulipwi, lakini kusema hivyo hakutoshi, mtu akitoa elfu kumi yake ana haki ya kujua imeenda wapi. Mwaka wa kwanza tulikosea, hela ya kifusi cha barabara tuliikusanya kwenye simu ya mwenyekiti, ikachanganyika na hela zake za biashara, siku ya kikao akaulizwa akashindwa kuonyesha hesabu. Naamini hakuchukua hata mia, ila aliondoka kikaoni kimya na hakurudi tena, na tulimpoteza mtu aliyekuwa anaamka alfajiri kuzibua mtaro wa watu wote. Kosa lilikuwa letu sote, tulimpa mzigo bila kumpa utaratibu.

Sasa hivi michango inaingia akaunti ya kikundi, kutoa hela ni sahihi mbili kati ya tatu. Mama mtunza hazina anakuja kikaoni na kaunta buku lake, kila risiti kaibana na pini kwenye ukurasa wake, anasoma taratibu: fuso tatu za kifusi, vijana wa kusambaza, maji ya kunywa. Akimaliza halifungi, analizungusha. Kuna mzee mmoja huwa anavaa miwani anajumlisha upya na kalamu yake, na hakuna anayemkasirikia, maana tangu tuanze hivyo hata waliokuwa hawachangii wameanza kutoa.

"Mpangaji hawezi kuongoza"
Nani kasema? Hata kwenye serikali ya mtaa, kati ya vinavyoangaliwa ni ukazi na umri, miaka 18 kupiga kura na 21 kugombea, hakuna anayedai hati ya nyumba. Anayesimamia ulinzi wetu kapanga chumba kimoja na ndiye anajua nani kahamia na nani kasafiri.

"Umejitolea, kwa hiyo pokea simu"
Nimewahi kupigiwa saa saba usiku nyumba ya jirani inatoa moshi, mimi naishi mitaa miwili toka pale, na dakika zile zilitakiwa kwenda zimamoto. Moto ni 114, polisi ni 112, piga huko kwanza ndo uniambie mimi. Na mtu akijitolea bado ana kazi, ana watoto, ana siku ya kuumwa, ndo maana kila nafasi kwetu ina msaidizi.

"Lazima uwe msomi"
Wala. Anayejua kusikiliza na kuandika kilichokubaliwa anatosha. Mambo ya usajili yana utaratibu wake, jumuiya zinasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na katiba mnaiandika pamoja kwa Kiswahili chenu hiki hiki.

Uchaguzi wetu ni mwezi ujao. Mama mtunza hazina anahamia Mkuranga kwa mwanae, kwa hiyo nafasi yake iko wazi, na kaunta buku atalikabidhi hapo hapo kikaoni, salio likiwa limeandikwa ukurasa wa mwisho.