Je, wajua? Mwenye mbio si lazima awe mwepesi

Nikiwa sekondari nilikuwa nashinda mbio za mita 100 kila mwaka, mwalimu wa michezo akanipanga beki wa kulia. Hesabu yake ilikuwa ile ile ya kwangu: mwenye mbio ndiye mwepesi, hakuna winga wa kumtoka. Siku ya mechi na shule ya jirani nikakutana na kijana mnene kiasi, mbio hana, akanipiga chenga tatu karibu na kibendera cha kona. Kila mara mimi nimeshakwenda kushoto, yeye yuko kulia. Nikatoka uwanjani nikiamini amebahatisha. Imani hiyo nilikaa nayo miaka, na bado naisikia kwa makocha wa mitaani wanaochagua timu kwa kuwakimbiza watoto kutoka goli hadi goli.

Neno lenyewe linachangia. Tunasema mzigo mwepesi, mtihani mwepesi, mtu mwepesi wa kusahau. Uzito mdogo, urahisi na uharaka vyote vimebebwa na neno moja, basi tukisikia "mchezaji mwepesi" macho yanaona mwili mwembamba wenye mbio. Kumbe mbio zinaweza hata kuwa kikwazo. Anayekimbia kwa kasi maradufu ana nishati ya mwendo mara nne, na yote hiyo lazima miguu yake iifyonze kabla hajageuka. Dereva wa bodaboda analijua hili: hupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Yule kijana alikuwa anakata hatua fupi fupi, nyonga ameziteremsha. Mimi nilikuwa nimefungulia.

Mwaka 2006 watafiti J. M. Sheppard na W. B. Young walipendekeza maana ya wepesi michezoni: mwendo wa haraka wa mwili mzima unaobadilisha kasi au mwelekeo kwa kuitikia jambo fulani. Uzito wote uko kwenye "kuitikia". Kuzunguka koni zilizopangwa chini hakujakamilisha maana hiyo, kwa sababu koni haihami wala haidanganyi. Wachezaji wanapopimwa wakiwa na mtu wa kumsoma mbele yao, tofauti kati ya wazuri na wa kawaida hujitokeza zaidi kuliko kwenye koni.

Sasa, kuitikia huchukua muda. Jicho likiona kitu, mwili huanza kusogea baada ya takriban sekunde 0.2. Penalti hupigwa kutoka mita 11, na mpira wa kilomita 100 kwa saa hufika golini katika sekunde 0.4 hivi. Kipa akingoja auone umeruka ndipo aamue, nusu ya muda wake imeshakwisha hata kabla misuli haijafanya kazi. Ndiyo maana huutazama mguu wa kusimamia na nyonga za mpigaji. Anakisia mapema.

Fikiria konda wa daladala. Abiria anashuka kituo kijacho. Konda hasubiri gari lifike kituoni ndipo agonge bodi, kwa sababu dereva ataanza kukanyaga breki wakati kituo kimeshapita. Anagonga mapema, huku macho yake yameshahamia kwa abiria wa kituo cha tatu. Ubongo wa mtu mwepesi unafanya kazi ya konda. Amri inatumwa kabla ya haja kufika, na ya pili inaandaliwa huku ya kwanza iko njiani. Konda mgeni wa njia ni mzito hata kama dereva wake ni moto, maana vituo havijui.

Kwenye sauti jambo hili unaweza kulishuhudia mwenyewe. Simama mbele ya kioo, useme "sita", kisha "suta". Tazama midomo wakati wa ile "s", kabla irabu haijasikika. Kwenye "suta" midomo imeshaviringika, inaisubiri "u". Mtu akizungumza kwa kawaida hutoa sauti 10 hadi 15 kwa sekunde, na ulimi usingeweza kuzifikia kama kila moja ingesubiri iliyotangulia imalizike. Mwimbaji wa taarabu anayeivuta silabi moja, akaipandisha na kuishusha kwa noti nyingi, yuko katika hali hiyo hiyo. Sikio kugundua noti imepotoka na koo kuirekebisha huchukua takriban sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Kwenye mteremko wa haraka, noti hiyo imeshaondoka.

Kazi za mikono nazo zimo humo. Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani Karl Lashley alieleza kwamba vidole vya mwanamuziki vinaweza kugonga hadi mara 16 kwa sekunde, kasi isiyoruhusu kila pigo kungoja habari za pigo lililopita. Mpiga chapa stadi naye macho yake hutangulia vidole kwa herufi kadhaa. Mwonyeshe herufi moja moja, kasi yake itaanguka vibaya.

Wapo wanaodai wepesi huhama, kwamba mazoezi ya chenga yatakufanya mwepesi wa kazi nyingine. Ushahidi wa hilo ni haba. Mpe mpiga chapa yule yule herufi zilizochanganywa ovyo zisizounda neno, naye anakuwa mzito, ingawa vidole ni vile vile.

Juzi nilikaa kumtazama msusi wa jirani yetu akisuka twende kilioni. Anapiga soga na mwenzake, macho yake yako mlangoni, na kidole chake kidogo cha kushoto kinachambua nywele za pindo linalofuata huku vingine havijamaliza la sasa. Nikamwomba, "Dada, hebu nionyeshe polepole, kidole kimoja kimoja." Akajaribu, akakosea, akafumua, akakosea tena. Akaniambia nisogee pembeni, akarudia soga zake, na mstari ukanyooka.