Mpira ukishapigwa teke ni wa nani? Refa anajaribu kueleza

Tangu ile mechi ya futiboli ya Kimarekani kati ya Pittsburgh Steelers na Seattle Seahawks ya Septemba 14, 2025, kwenye magrupu naulizwa kitu kimoja tu: ilikuwaje yule jamaa wa Seattle apewe tachidauni (bao la pointi 6) kwa kuokota mpira ambao timu yake yenyewe ndiyo imeupiga? Mimi nachezesha mechi za sekondari hapa Ohio na mara nyingi napangwa kule nyuma kabisa, mipira ya mateke inakoangukia, kwa hiyo ugomvi wa aina hii nauona kila Ijumaa usiku. Nitajaribu kueleza bila kuwachosha, japo sheria zenyewe zinachosha.

Kwanza sahau mpira unavyoruka. Angalia ulivyoanza. Ukiona timu zimejipanga mbali mbali, mpira umewekwa chini na hakuna mtu wa kuurudisha kwa mkono katikati ya miguu, hilo ni teke huru, na teke la kuanzia mchezo ndilo mfano wake mkubwa. Likishavuka yadi 10 mpira ni wa yeyote atakayeuwahi, aliyepiga au anayepokea, wote sawa. Ndo maana timu inayofungwa dakika za mwisho inapiga kale kateke kafupi ka onsaidi halafu watu wanarukiana kama mnada wa mitumba.

Aina ya pili ni lile teke la dauni ya nne, yaani jaribio la mwisho la timu kusogeza mpira yadi 10, timu imekwama, mpira unarudishwa nyuma kwa mpigaji naye anaupeleka mbali. Hili naliita teke la kuondosha. Hapa mambo yanageuka kabisa, maana mpira ukishavuka mstari ulipoanzia ni mali ya wapokeaji, na wapigaji wanachoweza kufanya ni kuuzuia tu usisogee. Hawawezi kuuchukua ukawa wao. Isipokuwa mpokeaji auguse kwanza. Akiugusa tu, hata kwa kucha, mlango umefunguka.

Watu wengi wanachanganya aina hizi mbili, na wachezaji wamo.

Sasa turudi Pittsburgh. Mwaka 2024 NFL, yaani ligi kuu ya Marekani, walibadilisha teke la kuanzia, wakaweka eneo la kuangukia kutoka mstari wa goli mpaka yadi ya 20 (yadi zinahesabiwa kutoka mstari huo). Mpira ukianguka humo ni lazima uchezwe. Ukidunda humo ukaingia endizoni, yaani eneo la nyuma ya mstari wa goli, mpokeaji anaweza kuulalia tu au kupiga goti nao, basi, timu yake inaanzia yadi ya 20. Lakini ni lazima AUSHIKE. Haufi wenyewe. Seattle wanaongoza 17-14 robo ya nne, wanapiga, mpira unaanguka kwenye lile eneo, unampita Kaleb Johnson wa Steelers, unaingia endizoni, na dogo anageuka anaanza kutembea kuelekea pembeni kama mtu aliyemaliza zamu. George Holani wa Seattle akapita mbio akauangukia mle ndani. Tachidauni, na pointi moja ya ziada juu yake ikawa 24-14, na mechi ikaisha 31-17.

Mimi namwonea huruma kidogo yule kijana maana ilikuwa ndo msimu wake wa kwanza NFL. Kwenye sheria za sekondari tunazotumia sisi, teke la kuanzia likivuka tu ule mstari wa goli mpira umekufa, napiga filimbi, stori imeisha. Na vyuoni, mpira ambao mpokeaji hajaugusa ukidunda ndani ya endizoni nao umekufa. Yaani mtu anakua miaka yote hiyo akijua mpira ukifika kule nyuma hauna kazi, halafu anafika ligi kuu anakuta una kazi! Sheria siilaumu sana, ilitungwa kulazimisha mipira irudishwe badala ya kila mtu kupiga goti, ila kosa lake ni ghali kupita kiasi.

Mfano wa aina ya pili ambao kila refa anaujua ni wa Leon Lett wa Dallas. Sikukuu ya Shukrani 1993, Dallas Cowboys na Miami Dolphins, barafu uwanja mzima, Dallas wanaongoza 14-13 na zimebaki sekunde 15. Miami wanapiga fildigoli (teke la kupitisha mpira katikati ya nguzo kwa pointi 3, nalo limo kwenye aina hii ya pili), Jimmie Jones wa Dallas anaublock, yaani anauzuia. Sikiliza hapa vizuri: mguso wa kublock pale pale mstarini HAUHESABIWI kama mpokeaji kaugusa mpira. Kwa hiyo mpira unabingirika kwenye barafu, umeshavuka mstari, ni wa Dallas, na wenzake wote wamesimama mbali nao wanasherehekea, wanachotakiwa kufanya ni kuuacha ufe. Lett anatokea mbio, anateleza, anaugusa kwa mguu. Mguso huo sasa unahesabiwa. Miami wakaulalia kwenye yadi ya 1, zikabaki sekunde 3, Pete Stoyanovich akapiga tena kwa karibu na safari hii ukaingia. 16-14. Huyo Lett hata hakuhitaji kuwepo pale.

Na kugusa hakuna cha makusudi. Fainali ya NFC (nusu moja ya NFL) ya Januari 2012, San Francisco na New York Giants, mpira wa kuondosha ulidunda ukamparaza Kyle Williams wa San Francisco gotini, mparazo ambao bila marudio ya video wengi wasingeuona, Giants wakauokota ukawa wao. Baadaye wakashinda 20-17 muda wa nyongeza. Kinga kubwa iliyopo kwa mpokeaji ni hii, kama mpinzani ndiye aliyemsukuma akaangukia mpira, hapo tunaufuta ule mguso. Ndo maana utasikia mdakaji anapiga kelele “Peter! Peter!” akiona mpira umedunda vibaya. Hakuna mtu anaitwa Peter, anawaambia wenzake wakimbie wasije wakaukanyaga, na timu nyingine wanasema “poison”. Ukiwa na mtoto anacheza mwambie akisikia hivyo asigeuke kuangalia mpira uko wapi, aondoke tu.

Kitu kingine kinachowachanganya watu wa jukwaani ni kale kafuko. Wakati wa mateke mimi kiunoni nina kitambaa cha njano na mkononi nina kifuko kidogo cha maharage. Nikirusha kitambaa, kuna kosa. Nikidondosha kifuko, hakuna kosa lolote, naweka alama tu kwamba hapa ndipo mtu wa timu iliyopiga alipougusa mpira wa kuondosha. Na hapo ndo panaponoga. Tuseme mmoja wa wapigaji kaugusa kwenye yadi ya 8 lakini mpira bado unacheza, mpokeaji mjanja anauokota anakimbia nao, akifika mbali ni faida yake, akidondosha na wapigaji wakauchukua, timu yake inaweza kusema hapana, tunataka mpira pale kwenye kifuko. Ni kamari ya bure, ili mradi wasifanye kosa wakati wanakimbia. Makocha wazuri wanalifundisha hili na bado kuna wazazi wananipigia kelele hadi parkingi.

Halafu kuna tofauti ya kutema na kudondosha. Mpokeaji akiutema, yaani umemgonga mikononi hakuwahi kuumiliki, mpigaji anaweza kuuchukua lakini hawezi kukimbia nao, unaishia hapo hapo. Holani alipata pointi kwa sababu alikuwa tayari yupo ndani ya endizoni. Ila mpokeaji akishaushika vizuri, akapiga hatua, ndo ukamtoka, huyo kadondosha, kimbia nao mpaka mwisho.

Mwisho feakechi, ule mkono unaopungwa juu ya kichwa. Mdakaji anasema sitakimbia, msinigonge. Wengi wanadhani ni njia ya woga tu, hawajui kuna zawadi imejificha ndani yake: NFL na sekondari, timu ikidaka hivyo inaruhusiwa kupiga fildigoli pale pale kwa teke huru, na wapinzani wanakaa yadi 10 mbali, hakuna wa kuublock. Desemba 19, 2024 Denver Broncos walimgonga mdakaji wa Los Angeles Chargers aliyekuwa amepunga mkono, wakaadhibiwa yadi 15, saa ya kipindi cha kwanza ikiwa imeisha kabisa. Kocha wa Chargers akaomba lile teke. Cameron Dicker akapiga kutoka yadi 57 ukaingia, la kwanza kuingia NFL tangu 1976, na Chargers wakashinda 34-27. Vyuoni sheria hii haipo kabisa, kwa hiyo ukiangalia mechi za Jumamosi usiisubiri.