Maana ya “Mlipeni Kaisari” kwa Mkristo wa Zanzibar

Kauli ya Yesu katika Mathayo 22:21, “Mlipeni Kaisari yaliyo ya Kaisari, na Mungu yaliyo ya Mungu,” hutajwa mara nyingi hapa Unguja kwa nia ya kufunga mjadala, kana kwamba Mkristo ameambiwa asali kanisani kwake na mambo ya dola awaachie wenyewe. Mimi naona maana hiyo ni finyu kuliko maneno yenyewe.

Waliomwuliza kama ni halali kulipa kodi walimtega: akikubali, atachukiwa na watu waliotaabishwa na utawala wa Rumi, akikataa, atashitakiwa kwa uasi. Yeye akaomba aoneshwe dinari, kisha akauliza sura iliyopo ni ya nani. Shika sarafu ya shilingi 200 uliyorudishiwa chenji pale Darajani, na utaelewa swali hilo. Upande mmoja wa sarafu hiyo umechorwa simba wawili, na wa pili una sura ya Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, sura inayoonesha kuwa fedha hii ni ya dola, na kwamba dola ina haki zake. Lakini Mwanzo 1:27 inasema kwamba mtu naye ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na ndiyo maana Tertuliano wa Karthago, mwandishi wa Kikristo, tangu karne za mwanzo za Kanisa, alifundisha kuwa sarafu irudi kwa Kaisari na mtu arudi kwa Mungu.

Kwa hiyo kauli hii inaipa dola haki yake, na papo hapo inaiwekea mpaka. Mkristo hulipa kodi na kutii sheria, kama Warumi 13 inavyoagiza, lakini dola ikimtaka mtu mwenyewe, yaani dhamiri yake au utu wa jirani yake, hapo linakuja jibu la mitume katika Matendo 5:29: “Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu.”

Mpaka huo unaonekana wazi Mkunazini, hapa mjini Unguja. Mbele ya altare ya kanisa kuu la Kianglikana kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, mahali panaposimuliwa kuwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Soko la watumwa lililokuwa pale lilifungwa mwaka 1873, Sultani Seyyid Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza, na ujenzi wa kanisa ukaanza mwaka huohuo chini ya Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu. Ni haki kukiri kwamba Kanisa liliingia pale likiwa karibu mno na dola ya kigeni, na ukaribu wa namna hiyo huweza kuufunga mdomo wa mchungaji.

Wa Frank Weston haukufungwa. Mwaka 1919 Gavana Edward Northey wa Kenya alitoa waraka uliowataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Weston, Askofu wa Zanzibar tangu 1908 na mwenyewe Mwingereza, alichapisha mwaka uliofuata kijitabu cha kuipinga serikali ya nchi yake kwa sababu aliuona utumwa ukirudi kwa jina jingine. Hakutafuta cheo serikalini. Alisema lililompasa askofu kusema.

Hiyo si sawa na kuunda chama cha siasa cha Wakristo, jambo ambalo Ibara ya 20 ya Katiba ya Muungano inalikataza kwa dini zote. Mkristo binafsi anaweza kupiga kura, kugombea na kujiunga na chama akipendacho, lakini padri anayemtaja mgombea mimbarini amechukua kilicho cha muumini, kwa kuwa kura ni amana ya dhamiri. Katika visiwa hivi, ambako Wakristo ni wachache sana, kishawishi kikubwa zaidi ni kunyamaza ili tusionekane wageni. Nakuelewa kunyamaza huko, lakini siwezi kukuita utii. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unaagiza dua kwa ajili ya wote wenye mamlaka, na Mkristo anayemwombea Rais Mwislamu hekima na uadilifu anaombea hospitali ya mtaa wake, skuli ya watoto wake na jirani anayeamshwa na adhana alfajiri.